Mama Pini Hana Haja ya Kukohoa Tena

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Mama Pini atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo. Aliingia hapa ana miaka ishirini na tisa, na mkononi ana saa inayochelewa dakika tano. Anatoka akiwa bibi wa wajukuu wanne, na saa ni ileile, na bado inachelewa dakika tano. Yeye mwenyewe hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, na namna anavyopiga hesabu zake asubuhi anajua yeye.

Kamati ya jarida letu la wafanyakazi ilinipa kurasa mbili za kumwandika, pamoja na onyo kwamba nisitie chumvi. Onyo hilo lilikuwa la bure. Ukikaa chumba kimoja na Mama Pini kwa miaka mitatu, hata chumvi ya mezani unaanza kuiogopa. Kwa wasionifahamu, mimi ni karani wa kumbukumbu, yule wa kiti cha magurudumu chenye honi ya baiskeli. Kabla ya ukarani nilikuwa mgonjwa wa kitengo hikihiki, na kabla ya ugonjwa nilikuwa fundi wa mapaa, mpaka siku nilipokanyaga bati lililooza.

Mama Pini alianza kama msaidizi wa mazoezi ya viungo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwageuza wagonjwa vitandani kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya mgongo, na wazee wa wodi wanasema aliwageuza kwa adabu hivi kwamba wengine waliendelea kukoroma. Akasoma jioni, akafaulu, akawa mtaalamu kamili. Ule ubao mnaouona kila chumba, wa kumtelezesha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, ni wazo lake. Wa kwanza aliuchongesha kwa seremala kutokana na mlango mbovu wa stoo, na kwa muda wa mwaka mzima stoo ilikaa bila mlango. Alipoulizwa na mkuu wa stoo, alimjibu kwamba mlango upo, unafanya kazi wodi namba mbili.

Jina la Mama Pini alilipata miaka saba iliyopita, ulipoanza utafiti wa seli shina. Wengi wenu mnaufahamu, lakini jarida hili husomwa mpaka na wapishi na madereva, kwa hiyo nieleze kidogo. Uti wa mgongo ukiumia, habari za miguu hazifiki kichwani, na amri za kichwa hazifiki miguuni. Madaktari wetu walitaka kujua kama seli zinazochukuliwa kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, zikakuzwa maabara kwa majuma kadhaa kisha zikadungwa karibu na jeraha, zinaweza kuamsha chochote. Wagonjwa walikuwa arobaini. Wote walifanya mazoezi yaleyale. Ishirini walipewa seli, ishirini hawakupewa. Kila mmoja alipimwa kwa miaka mitano.

Mpimaji alikuwa mmoja tu, yeye. Kifaa chake kilikuwa pini ya kubania nguo, mpya kwa kila mgonjwa. Mgonjwa analala, pazia dogo linawekwa kifuani asione miguu yake, naye anamgusa mara kwa ncha, mara kwa kichwa cha pini, na mgonjwa anataja kilichomgusa. Sifuri maana yake huhisi kitu. Mbili maana yake unahisi kama mtu mwingine yeyote. Moja ni hapo katikati: unahisi, unatofautisha, lakini kwa mbali. Mume wake anatuhakikishia kwamba ugonjwa huu ulifika mpaka nyumbani, na kwamba chai yake ya asubuhi nayo hupewa moja au mbili.

Sasa, sharti kubwa la kazi hiyo lilikuwa hili: mpimaji asijue nani kapewa seli na nani hakupewa, maana binadamu ni binadamu, na mkono wake unaweza kumpendelea mtu bila yeye kutaka. Ndiyo maana wote arobaini tulibandikwa plasta mgongoni na nyongani kabla ya kuonana naye, mwenye kovu na asiye na kovu. Ndiyo maana sisi wagonjwa, tuliojua makundi yetu, tuliapishwa kufunga midomo. Kundi langu nitalitaja mwishoni mwa kurasa hizi, kwa sababu atazisoma yeye mwenyewe, na nataka awe ameketi kwanza.

Wengine wangeridhika na plasta. Mama Pini alilivalia njuga sharti lile. Kabla ya kuingia chumba chochote alisimama mlangoni akakohoa mara mbili, ili kama tunazungumza habari za wagonjwa tunyamaze. Kila mlango, kila siku, kwa miaka saba. Daktari mmoja mgeni alimvumilia wiki nzima, mwishowe akamwandikia akapigwe picha ya kifua. Chai alikunywa peke yake kwenye stoo ya mashuka, kwa sababu chumba cha chai kina maneno mengi. Sherehe za kuzaliwa za wenzake alihudhuria kwa kuchungulia dirishani na kupunga mkono.

Aliyeteseka zaidi ni Baba Seli wa maabara, mkuzaji wa seli zenyewe, mtu mwenye uso usioweza kuficha jambo. Mama Pini alimkataza kupita mbele ya dirisha lake siku za upasuaji, eti tabasamu lake linasema kila kitu. Basi Baba Seli na kisanduku chake cha baridi akawa anazunguka nyuma ya chumba cha kufulia, anapita kwenye mabomba, anatokea mlango wa jikoni. Anadai safari hizo zilimpunguza kilo sita. Sisi tunaomwona kila siku bado tunazitafuta kilo hizo.

Lakini haya yote ni ya kuchekea. Ninachotaka kukiandika hasa ni habari ya chumba namba nne, na naomba wenzangu mnivumilie, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sijawahi kulitamka.

Nilipoanguka kutoka paani binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Nilipopata kiti akakifanya chake, anapanda mapajani mwangu asubuhi na jioni, halafu ananiuliza kama yeye ni mzito. Nilimjibu kwamba ni mzito mno, atanivunja. Nilikuwa namdanganya. Sikuwa nahisi kitu. Siku moja alisinzia hapo akateleza polepole mpaka akaanguka sakafuni, na mimi nilikuwa namwangalia jirani yangu aliyekuwa akisimulia mpira. Nilijua mwanangu hayupo mapajani niliposikia kilio chake. Tangu hapo sikuomba kutembea. Niliomba mapaja tu, nijue mtoto yupo au hayupo.

Mwezi wa tano wa vipimo vyangu, Mama Pini alinipima chumba namba nne. Akauliza, nikajibu. Ncha, kichwa, kichwa, ncha. Kumi kwa kumi, paja la kulia na la kushoto. Wiki iliyofuata, kumi kwa kumi tena. Habari zilitoka wodini kabla yangu. Mama yangu mzazi alipiga vigelegele kwenye korido mpaka walinzi wakapanda ngazi mbio. Mtaani kwetu walikuja watu ambao hatujaongea nao miaka mingi. Binti yangu alipewa habari kwamba sasa baba anamhisi, akapanda mapajani akatulia tuli, anasubiri nimwambie uzito wake. Nikamwambia.

Wiki ya tatu, katikati ya kipimo, Mama Pini aliinua kichwa ghafla. Mbele ya kitanda palikuwa na kabati jipya la bendeji lenye milango ya kioo. Lilikuwa limeletwa miezi mitatu nyuma, na hakuna aliyelifikiria. Kwenye kioo kile aliuona mkono wake, na pini, na ncha ya pini. Mimi niliyelala pale nilikuwa nauona vizuri kuliko yeye. Alichukua shuka, akalifunika kabati, akarudi, akaanza upya. Nilipata tatu kati ya kumi, na hizo tatu nilibahatisha. Akaandika sifuri kulia, sifuri kushoto.

Siku hiyohiyo aliandika barua kwa daktari mkuu. Vipimo vyote vya chumba namba nne tangu kabati liingie, wagonjwa kumi na mmoja, vifutwe na virudiwe. Kuhusu sababu aliandika kwamba kosa ni lake, mpimaji, kwa kutokiangalia chumba alichopimia. Hakunitaja mimi popote.

Ilikuwa vurugu. Wafadhili walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili, na daktari mkuu alikuwa amekwisha kuwaandikia kwamba kuna dalili za kutia moyo. Mama Pini alisimamishwa mwezi mzima huku wakubwa wakijadili kama arudi au asirudi. Kwenye korido walisema ameua matumaini ya wagonjwa. Kuna waliokata salamu. Aliporudi kazini, mama yangu alimfuata mpaka stoo ya mashuka akampa za uso: kwamba ana roho mbaya, kwamba anamwonea wivu mwanawe, kwamba sifuri yake akaitundike kwake. Mama Pini alisimama, akampisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa pini mpya na kumwomba aje anipime yeye mwenyewe.

Mama alikuja. Nilifunikwa macho kwa taulo. Mama alinigusa mara kumi, na kila mara ananiuliza kwa sauti ya kunibembeleza, kama anayenisaidia mtihani. Nilikosea saba. Akaiweka pini mezani, akatoka nje, akalia. Mwezi uliofuata alimfumia Mama Pini sweta la kijani, kwa sababu alikuwa ameona kwamba stoo ya mashuka ina baridi. Sweta hilo mmeliona wote, na wengi mmelicheka. Sasa mnajua lilikotoka.

Na hapa ndipo kwenye jambo langu. Wiki ile ya kwanza kwa kweli sikujua. Macho yaliona, kichwa kikaniambia nimehisi, nami nikaamini, maana nilitaka mno kuamini. Lakini wiki ya pili nilijua. Niliona wazi kwamba nikifumba macho sipati kitu na nikifumbua napata. Nikafumbua. Nilinyamaza kwa ajili ya vigelegele vya mama na kwa ajili ya mtoto aliyetulia tuli mapajani. Na Mama Pini aliposimamishwa kazi kwa kosa aliloandika ni lake peke yake, nilinyamaza tena. Zaidi ya miaka sita nimenyamaza, mitatu kati ya hiyo nikiwa meza ya pili kutoka kwake. Nakuomba radhi, Mama Pini, mbele ya kitengo kizima. Kabati ulilisahau wewe, lakini kioo nilikitumia mimi.

Baada ya hapo alinipima kila mwezi, na kila mwezi sifuri. Nilimchukia, sitaki kuficha. Ukimwona mtu anakuja na pini yake na karatasi yake, unajua kabisa atakachoandika, halafu anakuuliza habari za nyumbani, moyo unachemka. Hata hivyo mazoezi niliendelea nayo, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini. Mwezi wa kumi na nane, chumba cha mwisho kisicho na hata kioo cha saa, pazia kifuani, taulo machoni, aligusa paja la kushoto nikasema ncha. Akagusa tena, kichwa. Tena, ncha. Mimi machozi yalikuwa yamekwisha kulowanisha taulo, lakini yeye hakuniambia hata hongera. Alibadilisha pini. Aligeuza kitanda. Aliniita kesho yake, akaniita keshokutwa. Siku ya tatu ndipo alipoandika moja.

Nilimuuliza kwa nini isiwe mbili. Alinijibu kwamba mbili ni ile anayoipata akijichoma yeye, na kwamba yangu haijafika huko. Moja ni moja. Sijawahi kupewa zawadi kavu namna ile. Niliipokea kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyeniandikia sifuri zaidi ya kumi bila kupepesa macho. Ingetoka kwa mwingine yeyote, ningelala nikijiuliza kioo kiko wapi.

Jioni ile binti yangu, aliyekuwa anakaribia miaka mitano, alipanda mapajani akauliza swali lake. Nilifumba macho. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Kushoto, kwa mbali sana, kulikuwa na mfupa wa kitako unaonichoma. Nilimwambia kwamba si mzito, ila ana mifupa. Alinuna mpaka wakati wa kulala. Mimi sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Wagonjwa wote wamekwisha kupimwa. Wa mwisho alipimwa miezi miwili iliyopita, na Jumatatu ripoti ilisomwa ukumbini. Mama Pini hakuwepo. Aliomba asiambiwe chochote hadi siku yake ya mwisho, kwa sababu karatasi zake zilikuwa bado kwa wakaguzi na huenda angeitwa kurudia kipimo. Daktari mkuu, ambaye siku hizi humsimulia kila mgeni habari za kabati kana kwamba alilifunika yeye, ameniruhusu nimpe habari hizi hapa.

Mama, keti.

Seli zimefanya kitu. Ni kidogo. Hakuna aliyeinuka akakimbia, na ripoti inasema wazi kwamba hii bado si tiba ya kumwahidi mtu. Lakini ishirini waliopewa wamepata hisia kidogo zaidi kuliko ishirini wasiopewa, na tofauti hiyo imesimama. Wakaguzi wa nje walikaa siku tatu wakitafuta tundu. Kitu walichokutana nacho ni barua yako ya chumba namba nne. Mkubwa wao aliisoma mara mbili, akasema kwamba kwa barua hii anaziamini na karatasi nyingine zote.

La pili. Mimi sikupewa seli. Nilikuwa kundi la mazoezi matupu tangu siku ya kwanza. Wagonjwa wanane kati ya wale kumi na mmoja wa chumba namba nne walikuwa kundi langu. Waliokusema kwamba umeua matumaini hawakujua hivyo, na sisi tuliojua tulikuwa tumekula kiapo. Mtaalamu wa hesabu alituonyesha ubaoni Jumatatu: kama alama zetu za kioo zingebaki, walio na seli na wasio na seli wangelingana, na utafiti ungefungwa hapo. Uliyafuta matokeo yaliyotupendeza sote, na ndiyo maana haya madogo yamebaki. Baba Seli alitoka nje akafute miwani, naye havai miwani.

Sasa utafiti unaofuata umekubaliwa. Mpimaji mpya unamjua, ni yule kijana wa kike uliyemfundisha mwaka huu mzima. Jana alisimama mlangoni kwangu akakohoa mara mbili. Nimefunga mdomo tangu hapo, na nimemwahidi nitaendelea kuufunga.

Tunakushukuru kwa kuwageuza waliolala, kwa ule mlango wa stoo, kwa sifuri zetu zote na kwa hizo moja chache. Nenda ukapumzike salama wewe na mzee, mkapate miaka mirefu ya afya, na chai yake uipe mbili walau siku moja, apate naye kuringa.

Ijumaa saa kumi mlango wa ukumbi utakuwa wazi. Tunakujua. Utasimama pale kizingitini na sweta lako la kijani, na utakohoa mara mbili ili tunyamaze. Safari hii hatunyamazi, tuna maneno ya miaka saba. Kiti chako kiko katikati, kati ya mama yangu na binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na anasema amekuwa mkubwa mno kukaa mapajani mwangu, ila kwa siku hiyo moja atakubali, upande wa kushoto, ili uone. Ingia tu, mama. Tunakusema wewe.